Semonkong kwa Farasi, Baada ya Miaka 22

Ndugu msomaji, ukiitazama ramani ya kusini mwa Afrika utaiona nchi ndogo ya Lesotho imekaa ndani ya Afrika Kusini kama kiini ndani ya yai. Hapana njia ya kuifikia kwa miguu wala kwa gari isipokuwa kwa kupita katika ardhi ya jirani yake huyo mmoja. Eneo lake ni kilomita za mraba 30,355, na hapana hata shamba moja katika nchi hiyo lililo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya milima na baridi, nchi ya kondoo na mbuzi wa sufu ndefu, na zaidi ya hayo yote ni nchi ya farasi. Huko ndiko nilikojifunza kupanda farasi nikiwa mtoto, na huko ndiko nilikorudi mwezi wa Aprili mwaka jana, nikiwa mtumishi wa serikali mwenye umri wa miaka 36 na kitambi kidogo cha ofisini, nikidhani kwamba kitu alichojifunza mtu utotoni hukaa mwilini mwake kikimngojea.

Yafaa nieleze kwanza jinsi mtoto wa Uganda alivyofika kwenye mgongo wa farasi. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Walimu kadhaa wa Uganda walikwenda kufundisha Lesotho katika miaka ile, naye alipata kazi katika shule moja ya sekondari huko milimani, mwendo wa saa nne kwa farasi kutoka mji mdogo wa Semonkong. Tulikaa huko miaka mitatu. Gari halikuweza kufika kijijini wakati wa mvua wala wakati wa theluji, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi baba aliazima farasi wawili kwa mzee mmoja jirani yetu. Yeye alipanda mmoja, mimi nikapanda wa pili, tukateremka mjini kuchukua mshahara na kununua sukari, sabuni na mafuta ya taa. Mzee huyo hakukubali kulipwa hata senti moja. Ndiye aliyenifundisha kushika hatamu bila ya kumvuta mnyama kinywa, na ndiye aliyenipiga kwa ufito siku niliyomwacha farasi wake usiku kucha na tandiko mgongoni. Nilimwita Ntate, yaani baba, kama desturi ya Wasotho inavyotaka kwa kila mwanaume mzima.

Baba alifariki mwaka juzi. Katika siku zake za mwisho alinikumbusha habari ya mzee yule, akasema hapendi asikie kifo chake kwa simu ya mtu wa tatu. Akaniambia, "Siku ukipata njia ya kusini, uende ukamwambie mwenyewe, kwa kinywa chako." Nami nilipoteuliwa kuhudhuria mafunzo ya utunzaji wa majalada mjini Maseru, nilijua kwamba njia imepatikana. Mafunzo yalikwisha siku ya Alhamisi. Ndege ya kunirudisha ilikuwa Jumanne mchana. Nilikuwa na siku nne, wala hapakuwa na ya tano.

Kutoka Maseru hadi Semonkong ni kilomita zipatazo 120. Njia inapita Roma, penye Chuo Kikuu cha Taifa, ambacho kilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1945, kisha inaanza kupanda na haichoki kupanda. Utotoni mwangu njia hiyo ilikuwa ya mawe na vumbi, na basi lililoondoka alfajiri lilifika jioni likiwa na abiria wenye nyuso nyeupe kama waliochovywa katika unga. Siku hizi ni lami tupu. Mwezi wa Aprili huko ni mwisho wa kiangazi chao. Mahindi yamekauka mashambani, na kando ya barabara yamejaa maua ya waridi na meupe yanayotikiswa na upepo. Juu ya nyumba kadhaa utaona bendera nyeupe imetundikwa kwenye mti mrefu. Mgeni asidhani ni ofisi ya serikali. Humo mna pombe ya kienyeji ya kuuza.

Jina la Semonkong maana yake ni mahali pa moshi. Moshi wenyewe si wa moto, bali ni mvuke wa maporomoko ya Maletsunyane, ambayo huanguka mita 192 kwa mruko mmoja hadi chini ya bonde. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nje ya maduka yake farasi wamefungwa kwenye nguzo kama baiskeli zinavyoegemezwa kwetu siku ya soko, na wanaume wamesimama kando yao wamejifunga mablanketi mazito mabegani, viatu vya mpira miguuni na kofia za sufu zinazofunika uso mpaka machoni. Usiku ule wa Ijumaa nililala hapo, na baridi ilinifundisha adabu.

Msomaji huenda akauliza kwa nini farasi wamestawi huko na kwetu hawakustawi. Jibu lake kubwa ni wadudu. Katika nyika zetu nyingi mbung'o huwaambukiza wanyama nagana, na kuna vijidudu vingine vidogo mithili ya mbu vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao waweza kumwua farasi mwenye afya kwa siku chache. Mbung'o hawako Lesotho, na baridi ya milimani huwapunguza wale wengine. Hata hivyo farasi si mnyama wa asili huko. Waholanzi walileta farasi Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1653, kutoka Java, na watoto wa watoto wa farasi hao walienea kaskazini pole pole. Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyewakusanya Wasotho katika mlima wa Thaba Bosiu tangu mwaka 1824, alipata farasi wake wa kwanza karibu na mwaka 1830. Haukupita muda mrefu taifa zima likawa juu ya tandiko. Katika vita vya mwaka 1880 na 1881, Serikali ya Koloni ya Rasi ilipotaka kuwanyang'anya Wasotho bunduki zao, wapanda farasi hao waliizuia. Lakini katika vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, maelfu kwa maelfu ya farasi wazuri waliuzwa kwa jeshi la Waingereza, na kizazi kile kikapungua sana. Farasi wawili wamesimama hadi leo katika ngao ya taifa, mmoja huku na mmoja huku.

Farasi wa Kisotho ni mfupi, kimo chake begani ni kama mita 1.4, kifua kipana, kwato ngumu kama jiwe. Sifa yake kubwa ni mwendo wa telki, ambao miguu yake minne hugusa ardhi mmoja mmoja, na mpandaji hukaa bila ya kurushwarushwa. Mtu aweza kukaa hivyo kutwa nzima. Ndivyo nilivyokumbuka, na ndivyo nilivyomweleza kwa majivuno kijana wa miaka ishirini hivi niliyemkodi asubuhi ya Jumamosi anionyeshe njia.

Kijana yule alikuwa na heshima, lakini alikuwa na macho. Aliponitazama nikipanda alisema, "Ntate, vikuku vyako ni vifupi. Niviteremshe?" Nilikataa. Nilikuwa nimewahi kuona mashindano ya farasi pale Semonkong nikiwa mtoto, na wale wapandaji walikunja magoti yao karibu na kifua. Nikaona hiyo ndiyo fahari. Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza yeye alishuka, akamwongoza farasi wake kwa mkono. "Ntate, hapa watu hutembea. Ni vizuri kwa farasi, na ni vizuri kwako." Hilo nalo nilikataa, nikabaki juu, nimejiegemeza nyuma, nimebana mapaja kwa nguvu zangu zote nisije nikaangukia shingoni mwa mnyama. Kuna miteremko mitatu mikubwa katika njia ile, na mto mmoja wa kuvuka. Yote niliipita hivyo hivyo.

Lazima nikiri kwamba sikuumia siku hiyo. Magoti yalichoma kidogo, basi. Nilifika kijijini saa nane mchana, nikashuka, miguu ikatetemeka kama ya ndama, nikacheka. Shule ilikuwa pale pale na bati jipya. Mke wa mzee, ambaye ni M'e kwangu kama alivyo kwa kijiji chote, alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kunitaja kwa jina langu la utotoni. Lakini mzee hakuwapo. Mchungaji wake alikuwa ameondoka kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka, naye katika uzee wake amekwenda mwenyewe kwenye motebo, yaani kambi ya mifugo juu mlimani, saa mbili zaidi kwa farasi. Simu hazishiki huko. M'e aliuliza habari za baba, nikamjibu kwamba habari hizo nimemletea mzee kwanza. Alielewa. Hakuuliza tena, akaninyang'anya koti langu lililolowa akaenda kulianika.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri niliamka, nikataka kugeuka ubavu, na sikuweza.

Sijui nilinganishe na nini. Mapaja kwa upande wa ndani, kutoka kwenye kinena hadi gotini, yalikuwa yamekaza kama kamba ya mvua. Makalio, kiuno na misuli ya tumbo viliuma kila nilipovuta pumzi ndefu. Niliteremka kitandani kwa kujiviringisha kama gogo, nikasimama kwa kushika ukuta. Kukaa kwenye kigoda kulinihitaji mikono miwili na maombi. M'e aliposikia miguno yangu alikuja na beseni la maji ya moto na bakuli la motoho, uji mchachu wa mtama, akasema kwa upole kwamba mjukuu wake anaweza kupeleka ujumbe juu, hapana haja ya mgeni kujitesa.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipokaribia kumkosea baba. Mjukuu yule alikuwa kijana mwerevu, angalifika kabla ya jua kuwaka. Nilikaa nimeshika bakuli nikihesabu: nikipanda leo, je, kesho nitaweza tena mwendo wa saa nne mpaka Semonkong? Nisipoweza, ndege itaondoka bila mimi, na tiketi ni ya serikali.

Nilichokuwa sikijui siku ile nilikuja kuelezwa na tabibu niliporudi nyumbani, nami nakiandika hapa kwa kuwa si wapanda farasi pekee wanaopatwa nacho. Yeyote aliyeacha jembe miezi mingi akaanza kulima kutwa mvua za kwanza zinaponyesha anaujua uchungu huu. Watu wengi husema ni asidi iliyobaki katika misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka katika muda kama wa saa moja baada ya kazi, ilhali maumivu haya huanza baada ya saa 12 hadi 24, na huwa makali zaidi katika siku ya pili au ya tatu. Chanzo chake ni michubuko midogo sana katika nyuzi za misuli, na mwili unapoitengeneza hufanya uvimbe na uchungu. Kazi inayochubua kuliko zote ni ile inayoulazimisha msuli kurefuka wakati uleule unapojitahidi kuzuia uzito, kama mtu anayeteremka mlima. Ndiyo sababu kuteremka huumiza mapaja kuliko kupanda, ijapokuwa kupanda ndiko kunakokatisha pumzi. Na mimi niliteremka milima mitatu nimebana mapaja ambayo kwa miaka 22 hayakubana kitu chochote isipokuwa kiti cha ofisi! Vile vikuku vifupi vilizidisha kwa kuyakunja magoti na kunyima nyonga nafasi yake.

Hapana dawa ya kuyaondoa mara moja. Maji ya moto hutuliza, vidonge vya maumivu husaidia kidogo, kujinyosha kabla ya safari hakuzuii kitu cha maana. Kutembea taratibu na kazi nyepesi hupunguza ukakamavu kwa muda, na kwa kawaida ndani ya siku tano hadi saba yote huwa yamekwisha. Tena misuli iliyopata taabu hiyo mara moja hulindika kwa wiki kadhaa. Safari ya pili haiumizi kama ya kwanza. Lakini maumivu makali ya ghafla yanayokuja palepale unapofanya kazi ni jambo jingine, huenda msuli umechanika. Na mtu akiona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi nzito, asikae nyumbani kunyosha miguu, aende hospitali siku hiyohiyo, maana figo zake zimo hatarini.

Nilimaliza uji, nikamwambia yule kijana wa Semonkong aandae farasi.

Safari hii nilitembea. Sehemu za mwinuko mkali niliongoza farasi kwa mkono, nikapanda kwenye tambarare tu, na kila kupanda kulikuwa mateso yake: kijana akimshika mnyama, mimi nikiwa juu ya jiwe, mguu mmoja ukikataa kuvuka tandiko mpaka niubebe kwa mikono. Baada ya saa ya kwanza viungo vililegea kiasi. Njia ya saa mbili ilituchukua saa tatu na nusu. Huko juu hapana miti, ni nyasi fupi na mawe na upepo, na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe ukitoka katika kibanda cha mawe.

Mzee alitutambua kwa mbali kwa farasi, si kwa watu. Alikuwa amekonda, blanketi lake limebanwa kifuani kwa pini kubwa ya chuma, kiko mdomoni. Alinitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Mtoto wa mwalimu," alisema. "Nani aliyekufungia vikuku hivi?"

"Ni mimi mwenyewe, Ntate."

"Nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, Ntate."

Akanionyesha jiwe nikae. Jiwe lilikuwa chini mno. Alingoja, hakucheka, hata nilipofanikiwa kukaa, ndipo naye akakaa mkabala nami akavua kofia. Nadhani alikwisha kujua. Nilimweleza kwa Kisotho changu kilichoota kutu, nikichanganya maneno, kwamba baba ameugua miezi minane, amefariki, na ameniagiza nije mwenyewe. Aliuliza kama amezikwa kwao au mjini. Nikasema kwao, kando ya mama yake. Aliuliza kama alikuwa na maumivu. Nikasema mwanzoni ndiyo, mwishoni hapana. Aliuliza kama wanafunzi wake wa huko Uganda walikuja mazikoni, nikamwambia walijaa mpaka barabarani, na hilo lilionekana kumpendeza. Kisha akavuta kiko chake muda mrefu pasipo kusema neno, na mimi nikakaa kimya, kwa sababu sikuwa na neno jingine, na kwa sababu nisingeweza kuinuka bila msaada.

Hatimaye alisimama, akamwendea farasi wangu, akateremsha mikanda ya vikuku matundu matatu, huku akisema naye kwa sauti ya chini. Akafungua pini ya blanketi lake akanitia mkononi. "Mpe mama yako. Mwambie nimesikia, na nimesikia kutoka kwako."

Jumatatu nilisafiri saa nne kurudi Semonkong. Sitasema kwamba sikuumia. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Lakini miguu ilining'inia mirefu, nikakaa katikati ya tandiko na si juu ya magoti, na kila mteremko nilishuka nikatembea kabla kijana hajafungua mdomo. Saa kumi jioni nilikuwa ndani ya gari la Maseru, nimesimama nusu ya safari ijapokuwa viti vilikuwapo, abiria wengine wakinitazama.

Siku ya Jumanne ngazi za ndege nilizishuka kinyumenyume nikishika chuma, na askari mmoja wa uwanjani Entebbe akaniuliza kwa huruma kama nimepata ajali. Ijumaa nilikuwa natembea kama watu wote. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa mama, nikampa ile pini na ule ujumbe. Aliigeuzageuza mkononi, akaibana kwenye shuka lake begani, akauliza, "Bado anavuta kile kiko chake kibaya?"

Nikamwambia bado anavuta.